Askari wa Bati na Mpagazi Asiyekuwamo

Hasira si wino mzuri. Kwa sababu hiyo makala haya niliyaweka kando tangu kusi la mwaka jana, nikitaraji yatapoa, na kila nikiyarudia nayakuta yangali moto. Sasa nimeona heri niyatoe kama yalivyo, wasomaji wa jarida hili wanihukumu. Wengi wao ni washairi, na mtu aliyezoea kuhesabu mizani hadhulumu kwa urahisi.

Nilikuwa Mikindani kwa khitma ya arubaini ya ndugu yetu mmoja. Baada ya sala ya alasiri watu walikaa barazani, upande ule unaotazama ghuba, wengine na tasbihi, wengine na kahawa. Mpwa wangu, aliyekulia Uingereza na aliyekuja kwa ajili ya msiba, akatoa sanduku la plastiki lililogawanywa vyumba vyumba kwa sponji. Ndani yake mlikuwa na watu. Kimo chao milimita 28, yaani kama pingili moja ya kidole cha shahada. Wameyeyushwa kwa madini ya bati, kisha wakapakwa rangi kwa brashi ambayo ncha yake ni nyembamba kuliko sindano ya kudarizi kofia.

Wazee walicheka. Mmoja, ninayemheshimu sana, alisema, "Loo! Mtu mzima na ndevu zake anacheza mwanasesere." Kijana aliinamisha kichwa kwa adabu wala hakujibu. Mimi sikucheka, na ninataka kueleza kwa nini, kwa kuwa ugomvi wangu hauko pale msomaji anapoudhania.

Sanduku lilikuwa na tabaka mbili. Ya juu ilikuwa ya Wakelti, kaumu za kale zilizoenea tangu Ulaya ya kati hadi visiwa vya Uingereza na Ireland kabla ya dola ya Rumi kuzitamalaki nyingi kati yake. Mpwa wangu alimtoa mmoja, akamweka katika kiganja changu. Mtu yule yu kifua wazi, suruali yake ni ya miraba miekundu na ya manjano, nywele zimesimama kama miiba ya nungunungu, na kifuani na mikononi ana michoro ya buluu. "Huyu, mjomba," akaniambia, "amenila masiku matatu."

Masiku matatu kwa nini? Kwa sababu kila rangi ilitakiwa iwe na shahidi. Buluu ile shahidi wake ni Julius Caesar, aliyeivuka bahari kuishambulia Britania mwaka 55 na tena mwaka 54 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, akaandika kuwa watu wa huko hujipaka rangi ya buluu ili watishe vitani. Wataalamu wangali wanabishana mpaka leo iwapo rangi hiyo ilikuwa nili itokayo kwenye mmea wa kwao ama ni kitu kingine, na iwapo ilikuwa ya kupakwa au ya kuchanjwa. Nywele shahidi wake ni Diodorus wa Sicily, aliyesimulia kuwa Wagali huziosha kwa maji ya chokaa zikawa ngumu kama singa za farasi, na kwamba wakivaa suruali na majoho ya rangi rangi. Miraba ile ina ushahidi uliozikwa ardhini, maana katika migodi ya chumvi ya Hallstatt, huko Austria, chumvi imevihifadhi vipande vya nguo za kale hata ufumaji wake waonekana. Ngao ya mmojawapo imeigwa kutoka ngao ya shaba iliyoopolewa katika mto Thames, huko Battersea, mwaka 1857.

Wakelti hao hawakutuachia tarikh waliyojiandikia wenyewe. Yote tunayoyajua juu ya sura zao yametoka kwa adui zao na kwa makaburi yao. Na bado kijana wa watu, baada ya kutoka kazini, anakaa chini ya taa masiku matatu akiuliza: mraba huu ulikuwa mwekundu gani? Ule wa mzizi, au ule wa mdudu? Basi mimi nathubutu kusema kwamba hiyo si michezo ya watoto. Ni adabu. Ni kumwambia maiti wa miaka elfu mbili: sikukujua, lakini sitakuvika nguo isiyokuwa yako.

Kisha akafunua tabaka ya chini.

Tabaka ya chini ilikuwa yetu. Vita Vikuu vya kwanza katika Afrika ya Mashariki, 1914 hadi 1918. Askari wa Kijerumani waliovaa kaki na tarabushi zenye kifuniko cha kaki na kitambaa cha kukinga shingo. Maafisa wa Kizungu na kofia zao pana. Askari wa King's African Rifles kwa Waingereza. Bunduki za mtombo mbili na watu wa kuzihudumia. Na kundi la ruga-ruga. Nilikaza macho. Miongoni mwa askari wale kulikuwa na kazi nzuri, sitaki kumdhulumu mtu. Bunduki zao zilikuwa Mauser za mwaka 1871, zile za baruti ya moshi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa: vita vilipoanza, kombania nyingi za Wajerumani zilikuwa bado na bunduki hizo za kizamani ambazo kila risasi ikitoka moshi wake humsaliti mwenyewe. Lakini nyuso! Wakelti walikuwa na wekundu wa mashavu, kivuli cha chini ya jicho, kovu, nywele za kimanjano na za kahawia, kila mtu na wake. Hawa wetu wote walikuwa wamechovywa katika kopo moja la rangi ya hudhurungi. Msudani aliyeajiriwa na Wissmann huko Cairo mwaka 1889, Mshangaani aliyeletwa kutoka Msumbiji, Mnyamwezi, Mmanyema, Mngoni, Myao: kopo moja. Hapana chale, hapana nembo, hapana aliyekonda wala mwenye mvi.

Nikamwuliza, "Huyu mmoja, kwa mfano, amekula usiku mingapi?"

Akacheka kwa haya. "Hao, mjomba, niliwapaka wote kwa usiku mmoja."

Ruga-ruga ndio walionikera zaidi. Wamevikwa ngozi za chui, manyoya kichwani, mifupa shingoni, kila kilichopatikana. Msomaji anayejua tarikh ya bara anafahamu ruga-ruga walikuwa nani: vijana wapiganaji waliovuma zama za Mirambo katika karne ya 19, na baadaye jina hilo likapewa wapiganaji wasaidizi wasiokuwa katika daftari la jeshi. Walivaa walichokuwa nacho, ni kweli. Lakini "walichokuwa nacho" katika pwani na nyanda hizi kilikuwa zaidi kaniki na merikani kuliko chui. Chui hawakuwa wengi kiasi hicho. Mtu anayemkatalia Mkelti mraba usiokuwa na shahidi humpa ruga-ruga ngozi ya chui bila kumwuliza mtu.

Na hata hayo ningeyasamehe. Nikahesabu. Askari thelathini na wawili, Wazungu sita, ruga-ruga kumi. Nikauliza, "Wapagazi wako wapi?"

"Hawamo, mjomba. Wapo wanaouzwa, lakini watu hawawanunui sana. Katika mchezo hawahesabiwi."

Neno hili ndilo lililonikaa kooni. Hawahesabiwi.

Ndugu msomaji, na tusafiri kidogo tu kutoka baraza ile. Tarehe 25 Novemba 1917 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliuvuka mto Ruvuma akiwakimbia Waingereza, akaishambulia ngome ya Wareno pale Negomano, mahali Lugenda inapokutana na Ruvuma. Alikuwa na Wajerumani wasiofika mia tatu na askari wasiotimia elfu mbili. Wapagazi waliwapita askari kwa idadi, na nyuma yao walikuja wake na watoto, maana askari wa zama hizo alisafiri na nyumba yake. Safu ile ilipokuwa ikipita, basi, mtu uliyemwona zaidi si mwenye bunduki. Ulimwona mwenye mzigo kichwani. Anayetaka kulitengeneza jeshi hilo kwa bati, kwa usahihi, na kwa kila askari mmoja asiweke angalau mpagazi mmoja na zaidi, huyo amekosea hesabu kabla hajakifunua kikopo cha kwanza cha rangi.

Upande wa Waingereza mambo yalikuwa makubwa zaidi. Hesabu yao rasmi ilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria waliokuja baadaye wakaona kuwa idadi ya kweli yakaribia laki moja. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara, na homa, na unga ambao matumbo yao hayakuuzoea na ambao hapakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva, na mvua za kusini zilizowakuta hawana blanketi. Tumelihifadhi jina lao bila kujua: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni "Carrier Corps" iliyopita katika vinywa vyetu. Kila siku watu wananunua vitunguu na ndala katika jina la wafu hao.

Vipi walikumbukwa? Dar es Salaam, mwaka 1927, Waingereza walisimamisha sanamu ya shaba, kazi ya James Alexander Stevenson, mahali ambapo sisi sote tunapaita Mnara wa Askari. Maandishi yake yanawataja wapagazi. Shaba yenyewe haina mpagazi: ni askari mmoja tu na bunduki yenye singe. Nairobi walibahatika, maana katika sanamu tatu za huko mmoja ni mchukuzi. Mpagazi wa Dar es Salaam yumo katika herufi, na mwili wake hayumo. Ilikuwa mpaka mwaka 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Zaidi ya miaka mia. Na katika miaka hiyo mia, kila kaburi la askari wa Kizungu lilikatwa jiwe, likaandikwa, likapaliliwa.

Haya si mambo ya vitabuni kwangu. Bibi yangu mzaa mama, aliyefariki mwaka 1991, alikuwa mtoto mdogo mwaka ule wa 1917 baba yake alipochukuliwa. Hakusema "alikwenda vitani." Alisema "alichukuliwa," na kitenzi hicho hakukibadili mpaka kufa kwake. Alichukuliwa karibu na Msimbati, akipeleka samaki wakavu bara, na hakurudi. Hapakuwa na kaburi, hapakuwa na barua, wala hapakujulikana hata alikuwa akimbebea nani, Mjerumani au Mwingereza, maana wote wawili walipita na wote wawili walichukua. Waingereza walikuwa wameteremka Mikindani tangu Septemba 1916. Wareno walikwisha kuuvuka Ruvuma mwaka huohuo, wakaishika Newala, wakatolewa mbio. Wajerumani wakashuka kusini baada ya mauaji ya Mahiwa, Oktoba 1917. Mto mmoja, majeshi matatu, na kila jeshi linatafuta vichwa vya kuwekea mizigo.

Basi ndiyo nikakasirika? Ndiyo, lakini subira. Nilikasirika na sanduku kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Baadaye hasira ikageuka ikatutazama sisi tuliokuwa barazani.

Kwa maana yule mpwa, pamoja na kopo lake moja la hudhurungi, ndiye peke yake katika baraza ile aliyewahi kujiuliza askari wa mwaka 1917 alivaa nini. Wazee waliocheka hawakujiuliza. Mimi sikujiuliza. Siku ya pili nilikwenda Mtwara mjini, nikaingia katika kibanda kimoja cha vinyago. Nikamkuta nani? Mmasai. Mmasai na mkuki wa waya, Mmasai na ngao, Mmasai amesimama kwa mguu mmoja, Mmasai kwa Mmasai kuanzia wa shilingi elfu tano hadi wa laki. Baadhi yao hata mpingo si mpingo, ni mti mweupe uliosuguliwa rangi ya viatu. Ukimshika kwa mkono wenye jasho anakuachia weusi wake. Nikamwambia mwenye kibanda, kwa upole, "Bwana, Mmasai na Ruvuma wapi na wapi?" Akanijibu kwa upole vilevile, "Shekhe, mgeni anamjua Mmasai."

Nani aliyekosea zaidi, basi? Kijana aliyempa ruga-ruga ngozi ya chui kwa kutojua, au sisi tunaojua, tukamfuta babu yetu makusudi, tukamweka Mmasai mahali pake kwa kuwa ndiye anayenunuliwa? Tena sina ugomvi na Wamasai. Wao nao wanadhulumiwa na kinyago kile, maana hakuna Mmasai aliye namna ile.

Linalouma zaidi ni kwamba hapo Mtwara, na ng'ambo ya mto, ndipo penye watu waliokuwa mabingwa wa usahihi huo kabla ya mtu yeyote kuwauzia brashi. Tazama mapiko ya Wamakonde, zile barakoa za kuvikwa kichwani zinazochezwa vijana wakitoka jandoni. Zilichongwa kwa mti mwepesi, si mpingo. Zilipakwa rangi. Nywele zilikuwa nywele za watu kwelikweli, zilizonyolewa zikabandikwa. Nembo za usoni zilichanjwa katika mti au zikawekwa kwa nta, mstari kwa mstari, kama zilivyochanjwa katika ngozi ya mtu. Mwanamke alichongwa na ndonya yake katika mdomo wa juu. Na si Mmakonde peke yake aliyechongwa. Mchongaji alimchonga Mmakua, Mreno, Mhindi, Mwarabu, askari, kila mmoja na pua yake, ndevu zake na kofia yake, hata watazamaji wakaangua kicheko kabla mchezaji hajainua mguu, kwa kuwa wamemjua. Kazi kama hiyo nayo yadai jicho lile lile lililomkesha mpwa wangu masiku matatu juu ya suruali ya Mkelti. Tofauti ni kuwa mchongaji wetu hakuwa na haja ya Diodorus. Shahidi wake alipita mbele ya mlango wake.

Kazi hizo ziko wapi? Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alipanda Newala mwaka 1906, moshi wa Majimaji ukiwa haujatulia, akakusanya barakoa na vyombo kwa mamia akavisafirisha kwao. Barakoa moja iliyobaki katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, iliibwa mwaka 1984 pamoja na vitu vingine. Ikaonekana baadaye Geneva, katika makumbusho ya Barbier-Mueller, na baada ya majadiliano ya miaka ishirini ikarejeshwa Mei 2010. (Mwezi huohuo lilifunguliwa Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, linaloelekea hiyo hiyo Negomano. Sisemi kuwa mambo mawili haya yana uhusiano. Nimeyaona tu yamekaa pamoja katika kalenda.) Wenzetu huko wanazipiga msasa za kioo, wanazipima unyevu, wanahesabu nywele zake. Sisi tunasugua Mmasai kwa rangi ya viatu.

Najua majibu nitakayopewa, na baadhi yake yana uzito.

Wako watakaosema kuwa sanamu za viumbe hazifai, na kwamba mtu wa Mikindani aliyetoka katika khitma hakupaswa kuzishika. Sina elimu ya kutoa fatwa, na anayejizuia kwa dini yake namheshimu. Lakini asijizuie kwa Ruvuma peke yake. Nyumba ngapi za pwani zina tembo wa mpingo juu ya kabati la televisheni?

Wako wasanii watakaosema kwamba sanaa ya kweli haifungwi na usahihi, na watanitajia shetani wa Samaki Likankoa, aliyeuacha mfano wa mtu katika miaka ya 1950 akaupa mpingo viungo visivyopatikana duniani. Nakubali, na kazi hiyo naipenda. Ila Likankoa aliuacha mfano wa mtu akiwa anaujua. Mvulana anayeanza leo kwa kuchonga shetani wa watalii hauachi mfano wowote. Hana cha kuuacha. Washairi hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wanajua tofauti baina ya mtu aliyekiacha kina kwa hiari na mtu asiyekuwa na sikio.

Na wako wa tatu, hawa ndio wagumu: wanaosema askari wa Mjerumani hastahili kupakwa rangi wala kukumbukwa, kwa kuwa ndiye aliyeichoma Ungoni na kuwasimamia mashujaa wa Songea wakinyongwa Februari 1906. Mashujaa ndio wa kuchongwa, wanasema. Machemba achongwe, yule Myao wa Uwanda wa Makonde aliyemjibu Wissmann mwaka 1890, tena kwa barua ya Kiswahili, kuwa hatakwenda kwake, na ambaye mwaka 1899 aliona bora auvuke Ruvuma kuliko kutii. Naam, achongwe. Ningetoa fedha yangu. Lakini nauliza: mtachonga Machemba bila ya kumchonga aliyemfukuza? Na aliyemfukuza alikuwa na uso gani? Tukimfanya askari yule mtu wa hudhurungi asiye na kovu, tumejipa raha. Tumemfanya wa mbali. Mpeni chale zake, ijulikane alitoka kijiji gani. Hapo ndipo itakapouma, na itatuuma sisi, si Mjerumani.

Nirudi kwa washairi, maana ndio wenye jarida hili. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alipoutunga utenzi wake wa vita vya Majimaji, hakutunga juu ya "mashujaa" kwa jumla. Hemedi bin Abdallah, alipotunga juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima, naye aliyaweka majina ya watu na ya miji. Waliandika kama watu watakaoulizwa. Linganisheni na mashairi yanayoletwa katika mashindano siku za sikukuu za taifa. Nimepata kuketi katika kamati ya kuyasoma, siitaji ni ipi. Mashairi arubaini yaliyosifu wazee wetu waliopigana, vina safi, mizani kumi na sita haikupungua hata moja, na katika yote arubaini hamna nguo. Hamna mtu aliyevaa kitu. Hamna aliyebeba kitu chenye jina. "Silaha" zimo, "jasho" limo, "damu" imo kwa ndoo. Mshairi anayekataa mizani ya tisa katika kipande cha nane, na kumrudishia mwanafunzi shairi zima kwa ajili ya silabi moja, anakubali babu yake apite katika ubeti akiwa uchi.

Hiyo ndiyo sababu simcheki mpwa wangu. Ana mizani. Zimemfikia Mkelti kwanza, kwa kuwa Mkelti alitanguliwa na vitabu, picha, makumbusho na wabishi elfu moja wanaogombania buluu moja. Sisi hatujamtangulizia mpagazi wetu hata mbishi mmoja. Kijana akitaka kumpaka mpagazi wa Ruvuma kwa haki, atamwuliza nani? Askari aliyevuka Negomano si tabu sana: baada ya siku ile wengi walibeba bunduki za Wareno na kuvaa nguo za Wareno, kwa maana zao zilikwisha raruka, na kabla ya hapo walikuwa wakivaa vitambaa vilivyofumwa humu humu nchini vikatiwa rangi ya mizizi. Hayo yameandikwa. Kwa hiyo hata askari wake wa kaki iliyopigwa pasi, akimweka ng'ambo ya mto, amekosea, nami nilimwambia, akatoa kidaftari akaandika. Mpagazi ndiye asiyekuwa na daftari.

Nimefanya jambo moja, nalisema si kwa kujisifu kwani bado halijakamilika. Nimempata fundi, kijana wa Kimakonde anayechonga kwa mti mwepesi kama wa zamani, nikamwomba anichongee safu ndogo: askari wawili, mke wa askari na mtoto mgongoni, na wapagazi sita. Si ya kuuzwa. Mpwa wangu ameahidi kuleta rangi zake na, In Shaa Allah, kukaa nao masiku kumi na nane, matatu kwa kila mpagazi. Alipoahidi hakuwa akicheka.

Fundi alianza na wa kwanza, na mara moja maswali yakaja, mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika mkutano wa fasihi. Mzigo ni sanduku au ni mtumba? Sanduku la risasi hukaa sawa kichwani, mtumba huinama, na shingo huchongwa kwa namna nyingine. Ngata ni ya majani au ya nguo? Ana fimbo? Amekonda kiasi gani, yaani ni siku ya kumi tangu achukuliwe au ni mwezi wa tano? Nembo zake nizichonge au yeye ni mtu wa pwani asiye nazo? Hili la mwisho nililijibu, kwa kuwa huyo wa kwanza, nilikuwa nimemwambia, ni mtu wa Msimbati. Mengine nilijibu kwa kukisia, na kila nilipokisia niliona aibu.

Kisha akauliza nguo. Hilo nilikuwa nalo. Bibi alisema kila mara kwamba baba yake aliondoka na kaniki. Nikafurahi kama mtu aliyepata kina kilichompotea, na nikakumbuka kuwa kaniki za zamani zilitiwa nili, ukoo mmoja na ile buluu wanayogombania wenzetu juu ya kifua cha Mkelti. Fundi akatikisa kichwa, akaweka patasi chini.

"Kaniki mpya, mzee, ni karibu nyeusi," akasema. "Ikifuliwa mwaka inakuwa buluu. Ikifuliwa miaka mitatu inakuwa rangi ya mvua. Yake ilikuwa ipi?"

Nimewauliza mama zangu wadogo wawili waliobaki. Mmoja anasema alisikia ilikuwa mpya, imenunuliwa kwa bei ya samaki wa safari iliyotangulia. Mwingine anasema haiwezekani, mtu hachukui nguo mpya kwenda nayo bara na samaki. Wanabishana tangu Ramadhani, na fundi anangoja.